Hodi Tatu Kifuani

Baba yangu alikuwa akiisikia adhana ya msikiti wa mtaa wa pili, lakini haisikii simu inayolia mfukoni mwake. Watu walidhani anajifanya. Hata mimi, Mungu anisamehe, kuna siku nilidhani hivyo. Unampigia, mwenyewe uliye ndani unaisikia simu ikilia kifuani pake, naye ametulia barazani anasokota kamba, uso haugeuki.

Nilikuja kuelewa baadaye. Baba alifanya kazi miaka 22 korona. Ndivyo tunavyokiita kiwanda cha mkonge sisi wa Tanga, kwa jina la ile mashine ya kuchakata majani. Majani yanaingia upande mmoja, yanapondwa na magurudumu yenye vyuma butu huku maji yakimwagika, na singa nyeupe zinatoka upande wa pili. Mtu aliyesimama pale haongei, anaonyesha kwa mikono. Wakati huo hakuna aliyewapa kitu cha kuziba masikio. Na sikio linaloharibiwa na kelele halifi lote kwa pamoja. Linaanza kufia kwenye sauti nyembamba, zile zinazotetema mara 4,000 hivi kwa sekunde, na sauti nzito ndizo zinazobaki mwisho. Sauti ya muadhini ni ya mwanamume, nzito, inayovutwa. Kispika cha simu za zamani kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati, na nguvu zake zote zilikuwa kwenye sauti nyembamba. Simu ilikuwa inalia palepale masikio ya baba yalipokuwa yamekufa. Hakuwa anajifanya.

Mwaka 2005 shangazi yangu, dada yake baba wa pekee, aliugua ghafla huko Pangani. Mama alikuwa Dar es Salaam kwa dada yangu aliyejifungua. Simu yangu mimi ilikuwa imefunguliwa juu ya meza yangu ya kazi, inasubiri kifaa. Kwa hiyo watu wa Pangani walikuwa na namba moja tu ya kupiga, ya baba, na baba alikuwa shambani tangu alfajiri. Alikuwa na Nokia 1100, ile simu ya tochi, na niliiwekea mtetemo mimi mwenyewe, vaibresheni kama tulivyozoea kuita. Walimpigia mara 11. Aliporudi jioni akaitoa mfukoni ili aweke chaji, ndipo akaona. Shangazi alizikwa baada ya sala ya alasiri. Sisi tuliingia Pangani wakati wa magharibi, miguu na nyusi zimejaa vumbi la barabara, tukawakuta watu wamekaa kwenye mikeka.

Njiani wakati wa kurudi nilimuuliza, kwa sauti ya juu na karibu na sikio, kama mtetemo haukufanya kazi. Alinyamaza mpaka nikafikiri hakunisikia. Kisha akasema: "Ilinitikisa. Nikadhani ni wale."

Wale walikuwa watu wote wengine. Vijana wanaobipu kwa kukosea namba, ujumbe wa kubahatisha zawadi, ujumbe wa kukumbusha kuongeza salio, majirani wanaotaka kuazima toroli. Simu ilimtikisa baba kwa namna ileile moja kwa wote hao. Mwenye masikio mazima humpa kila mtu mlio wake, akajua aitikie upi na upi auache ulie. Baba alikuwa na mtikisiko mmoja usio na jina, na mwili wake ulikuwa umeshajifunza kuupuuza, kama ulivyojifunza kupuuza ngurumo ya korona.

Nilikuwa fundi wa simu Ngamiani, kwenye kibanda chenye meza ya kioo, pasi ya kulehemu na bisibisi za kila aina. Milio ilikuwa sehemu kubwa ya kazi yangu miaka ile. Mteja alikuja na Nokia 3310 anataka wimbo fulani, nami nilikuwa na daftari la shule lililojaa namba za kubonyeza. Nokia walikuwa wameziweka nota kwenye vitufe: 1 ni do, 2 ni re, unaendelea hivyo mpaka 7. Kitufe cha 8 kinafupisha nota, cha 9 kinairefusha, 0 ni kituo cha kimya, nyota inapandisha au kushusha sauti. Nota zote zisizidi 50. Katika nota 50 ulitakiwa uuchague wimbo kiungo chake kimoja, kile ambacho mtu akikisikia sokoni anajua ni simu yake. Nilikuwa hodari wa hilo, na nilipata pesa ya kula. Lakini ile programu ya Nokia ya kutungia milio haikuwa na kitufe cha mtetemo. Ulichoweza ni kuuwasha au kuuzima, basi. Kila nilichokijua hakikuwa na faida kwa baba.

Kitu kimoja tu katika Nokia kilinipa tumaini. Kulikuwa na mlio wa ujumbe uliokuja na simu: vifupi vitatu, virefu viwili, vifupi vitatu. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya simu za upepo bandarini aliusikia kibandani kwangu, akatabasamu, akaniambia zile ni herufi za Morse: S, M, S. Nilikuwa nimeusikia mlio ule maelfu ya mara, mimi na nusu ya dunia, bila kujua kwamba umebeba neno. Nikalala nikiuwaza usiku huo. Kama neno linaweza kukaa ndani ya urefu na ufupi tu, bila tuni, basi jina la mtu nalo linaweza.

Mwisho wa mwaka ule mjomba aliyekuwa Muscat alimtumia baba Sony Ericsson T610 iliyotumika. Ilikuwa na skrini ya rangi na kamera, vitu ambavyo baba hakuvijali, lakini mimi nilijua kitu kimoja kuhusu simu za ukoo ule. Zilikuwa zinasoma milio iliyoandikwa kwa mtindo uitwao iMelody, na iMelody ni maandishi matupu. Unafungua programu ya kuandikia kwenye kompyuta, unaandika mistari michache, unalihifadhi faili, unalitia kwenye simu. Na ndani ya maandishi hayo, katikati ya nota, unaruhusiwa kuweka neno vibeon, mota ikawaka, na neno vibeoff, ikazima. Mahali popote unapotaka. Hata taa ungeweza kuiwasha na kuizima kwa njia hiyohiyo.

Kuandika haikuwa shida. Shida ilikuwa kulifikisha. Faili la kwanza simu ililikataa, la pili ikalikataa, siku nne nikaenda na kurudi kwenye duka la intaneti nikilipia nusu saa nusu saa. Kumbe kompyuta ilikuwa inaficha mkia wa jina: nilidhani nimehifadhi baba.imy, yenyewe imehifadhi baba.imy.txt, na simu ikiona mkia wa mwisho inasema sikijui hiki. Nawaambia mafundi vijana jambo hili mpaka leo. Kitu kikikataa bila sababu, angalia kwanza kile ambacho chombo kinakuficha kwa nia ya kukurahisishia.

Kompyuta za pale hazikuwa na njia ya kuongea na simu bila waya. Nilimwomba mteja wangu mmoja aliyekuwa na laptopu yenye infraredi. Unaweka vile vidirisha viwili vyeusi vinatazamana, umbali wa shibiri, na hupitishi mkono katikati. Faili zima lilikuwa dogo kuliko ujumbe mrefu wa salamu za Idi. Lilivuka kabla sijashusha pumzi.

Mlio wangu wa kwanza kwa baba niliutunga kwa mapenzi makubwa. Nilichukua mapigo ya mdumange, ngoma aliyoicheza ujana wake, nikayageuza yote kuwa vibeon na vibeoff. Nota fupifupi, zinakimbizana, kila pigo mahali pake. Kwa mapigo 120 kwa dakika, nota zile zilikuwa na urefu wa sehemu ya nane ya sekunde kila moja. Nilimkalisha baba, nikamwekea simu kiganjani, nikapiga kutoka kwenye yangu. Nikamtazama usoni kama mtu anayetazama mtoto akionja asali.

"Inanikwaruza," akasema. "Nini hii?"

Nikaishika mwenyewe. Hapakuwa na ngoma. Palikuwa na ngurumo moja mbovu inayokohoa.

Nilirudi kibandani nikachukua simu mfu, nikaitoa mota nikaitazama chini ya lenzi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo. Ni kitu kidogo kama punje ya kunde. Kina mhimili mwembamba, na kwenye ncha ya mhimili kimebandikwa kipande cha madini mazito kilichokatwa nusu duara. Uzito uko upande mmoja tu. Mhimili ukizunguka, mizunguko kama 10,000 kwa dakika, ule uzito uliolalia upande unaivuta simu huku na huku, na huo ndio mtetemo. Lakini kitu chenye uzito hakianzi kuzunguka papo hapo, na hakisimami papo hapo. Kinahitaji karibu sehemu ya kumi ya sekunde kushika kasi, na nyingine kama hiyo kupoa. Mimi nilikuwa nimeiamuru iamke na kulala ndani ya sehemu ya nane. Haikupata nafasi ya kuamka wala ya kulala. Spika inaweza kufuata vidole vya mpiga ngoma. Mota haiwezi, na niliitungia kama vile ni spika ndogo, wakati ni gurudumu.

Nilirefusha kila kitu mara mbili. Mdumange ukawa mzito, lakini ukasikika. Nikampelekea baba nikiwa na hakika. Akaishika, akafumba macho, akasubiri mpaka mwisho.

"Naisikia," akasema. "Lakini bado ni wale."

Nilikasirika, nikaficha. Nilikuwa nimetumia wiki tatu. Labda aliuona uso wangu, maana mtu asiyesikia vizuri anasoma nyuso. Akaniambia nikae. Akaanza kunisimulia korona, habari ambazo hakuwa na kawaida ya kusimulia.

"Pale hatukusikia kwa masikio," akasema. "Tulisikia kwa nyayo. Mashine ikiwa nzima, sakafu inatetemeka siku nzima na wewe hujui kama inatetemeka. Mkanda ukiteleza, sakafu inanyamaza kidogo. Kidogo tu, halafu inaanza tena. Hapo ndipo unaruka, kabla hata hujajua kwa nini umeruka. Mwenzetu aliyepoteza vidole alikuwa mgeni, nyayo zake zilikuwa hazijajua kunyamaza kwa sakafu."

Kisha akaigonga simu kwa ukucha. "Hii yako hainyamazi mahali."

Nimesoma mambo mengi ya ufundi tangu siku ile, lakini sijapata somo lililonyooka kama hilo, tena kutoka kwa mtu aliyeishia darasa la nne. Nilikuwa nimehangaika na mapigo, jinsi ya kuyafanya yawe mengi, mazuri, ya kufanana na ngoma. Ngozi haifuati hayo. Ngozi ikitikiswa mfululizo inazoea, inaacha kutoa habari. Kinachoishtua ni kukatika. Kwa hiyo kilichopaswa kutungwa kwa uangalifu ni vituo, zile r za kwenye faili ambazo mimi nilikuwa nikizibandika popote palipobaki nafasi.

Tulianza upya, safari hii sisi wawili, kwenye mkeka barazani. Nilimuuliza: mama akija nyumbani unamjuaje? Akacheka. "Anabisha hodi kwake mwenyewe," akasema, na ni kweli, mama alikuwa na tabia hiyo, anagonga mlango wa nyumba yake mwenyewe mara tatu ndipo aingie, maana anajua mumewe hasikii hatua zake na hataki kumshtua. Baba alizisikia hodi zile kwa bega lililoegemea ukuta. Basi mlio wa mama ukawa hodi. Mstari wenyewe naukumbuka kama ninavyokumbuka namba yangu ya simu:

MELODY:vibeonc3vibeoffr3vibeonc3vibeoffr3vibeonc3vibeoffr1

Pigo robo sekunde, kimya robo sekunde, mara tatu, kisha kimya cha sekunde nzima, maana namba ikipungua urefu unaongezeka. Hakuna zaidi. Nota 50 za Nokia zilinifundisha kubana, lakini hii ilikuwa nota tatu.

Dada yangu alipewa mrefu na mfupi, mrefu na mfupi, kwa sababu baba alisema ndivyo alivyombembeleza akiwa mchanga. Binamu yangu wa Pangani, mtoto wa marehemu shangazi, alipewa mtetemo mmoja tu wa sekunde nne na kimya kirefu. Nilisema huo ni mwingi, utamaliza betri. "Huyo aniamshe," baba akasema, nikaandika. Nilipouliza kuhusu namba asizozijua akasema hao wasimtikise kabisa, walie tu, atakayesikia atamwambia. Nikawawekea mlio wa kawaida usio na vibeon hata mmoja. Hilo ndilo lililokuwa na manufaa kuliko yote. Kuanzia siku hiyo kifua chake kikitikisika alijua ni mtu wake.

Usiku ulikuwa na shida yake. Alikuwa akiweka simu chini ya mto, na godoro la sufi linameza mtetemo kama mchanga unavyomeza maji. Tukaiweka juu ya meza, ikatembea yenyewe usiku mpaka ikaanguka. Mwishowe nilitengeneza kimfuko cha kitambaa nikakipigilia kwenye ubao wa kitanda, upande wa kichwani. Mbao ngumu hupokea kila kitu. Simu ikigonga, kitanda kizima kilikuwa kinagonga, na mama alilalamika wiki moja kisha akazoea.

Habari zilitoka barazani zikafika mtaani. Alikuja fundi cherehani mmoja, binti kiziwi tangu kuzaliwa, na kaka yake wa kumtafsiria. Simu kwake ilikuwa ya kuandikiana, lakini walikuwa na ujanja wao: anayemtaka kwanza anabipu, akate, kisha aandike. Alitaka bipu ya mama yake aitofautishe na za wateja, hata akiwa anashona na mguu uko kwenye kanyagio. Nikamtungia kama nilivyomtungia baba, nikampa simu aishike. Akanirudishia, akatikisa kichwa, akanionyesha kwa vidole juu ya meza: cherehani inapiga hivi, na hii yako inapiga hivihivi. Nilikuwa nimempa mwendo wa cherehani yake mwenyewe. Tulikaa mchana mzima mpaka tukapata mwendo ambao cherehani haina. Sikumtoza kitu, na nilijifunza kwamba kabla hujamtungia mtu unamuuliza mwili wake unatikiswa na nini siku nzima.

Siku hizi kazi hiyo imekuwa ya dakika moja. Tangu mwaka 2011 iPhone inakuruhusu kugonga skrini kwa kidole, ikakariri mwendo wako ikampa mtu unayemtaka. Nilipoiona mara ya kwanza niliishika simu ya mteja muda mrefu kuliko ilivyopasa. Nafurahi kwamba ipo. Lakini naona wengi wanaoijaribu wanafanya kosa langu la kwanza, wanagonga wimbo mzima, kisha wanashangaa kwa nini mfukoni hawautambui.

Siku niliyojua kwamba imefaulu ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Baba alikuwa anacheza bao na wazee wenzake chini ya mwarobaini, mimi nimesimama pembeni. Mkono wake ulikuwa umejaa kete, anazitambaza, na ghafla akasita shimo la nne. Akauweka mkono wa kushoto kifuani. "Mke wangu," akawaambia, kabla hajaitoa simu. Wenzake wakamtazama, mtu ambaye huwa wanampigia kelele ili ajue zamu yake imefika. Akaipokea, akasema maneno mawili kwa sauti kubwa kama kawaida yake, akarudi mchezoni.

Jioni aliniita. Nilidhani ataniambia ahsante, na nilikuwa nimeshajiandaa kusema hapana, baba, si kitu. Alinipa simu.

"Mama yako habishi hodi kwa haraka hivi," akasema. "Akimaliza tatu, anasubiri. Anasubiri sana. Ongeza hapo."

Kesho yake asubuhi nilikwenda duka la intaneti, nikalifungua faili, nikaifuta r1 ya mwisho, nikaandika r0.